Mbao Tano za Mtumbwi

Kwa miezi saba mbao tano za mtumbwi wa baba ziliegemea ukuta wa nyumba niliyopanga Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma, na kwa miezi hiyo saba mimi nilikuwa naamua mashine. Mtu akipita barabarani akaniona nimekaa kwenye kigoda mbele ya mbao zile, angedhani nafanya kazi. Sikuwa nafanya. Nilikuwa na simu mkononi, naangalia watu wa nchi za mbali wakipitisha mbao kwenye mashine za msasa, ndani ya karakana safi kuliko jiko letu. Mbao inaingia upande mmoja na mikwaruzo yake, inatoka upande wa pili laini kama sahani. Wanaipuliza vumbi kidogo, wanatabasamu. Nilikuwa nawachukia, na kila jioni nilikuwa narudi kuwaangalia.

Mama ndiye aliyeomba meza. Tangu baba afariki anakaa Butiama kwa dada yangu mkubwa, mbali na maji, mtu aliyezaliwa na kuolewa ufukweni huko Kibara. Ana presha ya macho. Daktari alisema kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kitazidi kupungua, dawa inachelewesha tu. Kwa sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Katikati kuna tundu la mwanga, pembeni kote giza. Akikutazama usoni hakuoni mikono. Siku mbao zilipoletwa kutoka kijijini alinipigia simu mwenyewe, jambo ambalo halifanyagi.

"Baba," aliniambia, kwa maana ndivyo anavyoniita, "nataka nile kwenye meza ya mtumbwi wa baba yenu. Lakini nataka kwanza niione. Niione, sio nielezwe. Tundu hili linafunga."

Nikasema ndiyo mama, mwezi mmoja tu.

Kwetu mbao ya mtumbwi uliozeeka haichomwi. Hata siku ya mvua kuni zikiwa zimeloa, hakuna anayethubutu. Inageuzwa mlango, benchi, kitanda, hori la ndama. Nyumba tuliyokulia mlango wake ulikuwa ubavu wa mtumbwi wa babu, na matundu ya misumari yalikuwa yameuzunguka kama ndui. Asubuhi jua lilipita kwenye matundu yale likatua ukutani vidoto vidoto, na mimi nikiwa kitandani nilikuwa navihesabu nisiende shule. Nimeishi Geita, Kahama, Tunduma, nikarudi Mwanza, nikaenda tena Kahama, na katika vyumba vyote nilivyolala sijawahi kupata ukuta kama ule. Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka nyumbani nikisema nakwenda kutafuta maisha. Sasa nina miaka arobaini na kitu, nauza vipuri vya pikipiki, na ninachotafuta hasa kiko kule kule nilikotoka, isipokuwa nyumba ile ilishabomoka.

Useremala wangu sio wa kula. Ni wa jioni nikishafunga duka na Jumapili baada ya ibada. Nilianza na kigoda, nikaja rafu ya vyombo, nikaja kitanda cha mgeni ambaye hajawahi kuja. Najua kukata, najua kuunga, najua gundi. Kitu kinachonishinda siku zote ni kulainisha, na mbao za baba zilikuwa za mvule.

Ambaye hajawahi kupiga randa mvule wa zamani amshukuru Mungu. Nyuzi zake hazikubaliani. Huku zinalala kwenda mashariki, shubiri mbele zimegeuka zinalala magharibi. Ukisukuma randa inateleza vizuri, unaanza kujisifu, halafu ghafla inanyanyua kibanzi kinene kama kidole na kuacha shimo. Nilijaribu kwenye kona moja tu nikaacha. Msasa wa mkono nao niliujaribu wiki nzima, na baada ya wiki nzima nilikuwa nimesafisha sehemu ya ukubwa wa sinia. Kiganja kilikuwa kimechubuka na lami ya mtumbwi imeingia kwenye kucha haitoki. Ndipo nikaanza habari za mashine.

Ziko za namna mbili. Moja ina gogo la chuma linalozunguka, limeviringishiwa msasa kama bandeji kwenye mguu. Hiyo inaitwa ngoma, kwa sababu ya umbo. Ni ndogo, inakaa nyumbani kwa mtu, inakula mbao taratibu, na ukiikimbiza inaacha mistari. Nyingine ina mkanda mpana wa msasa unaozunguka kwenye magogo mawili, inameza mlango mzima kwa mara moja na kuutoa kama umenyolewa. Hiyo ni kubwa kama ng'ombe wawili, na inataka umeme wa kiwandani. Ngoma ilikuwepo Nyakato, hapa hapa Musoma, kwa mwalimu mmoja mstaafu wa ufundi, anaiuza. Mkanda ulikuwepo Bunda, kwenye karakana ya milango, wanakupitishia mbao zako.

Hapo ndipo ningeamua, na mtu mwingine angeamua kwa dakika tano. Mimi nilichukua daftari nikachora mstari katikati. Upande huu ngoma, upande huu mkanda. Nikiandika ngoma ni yangu na nitaitumia miaka yote, nilikuwa najiuliza: miaka yote wapi? Lini nimekaa mahali miaka yote? Nikiandika mkanda unamaliza kwa siku moja, nilikuwa nawaza mbao za baba zikirushwa na watu nisiowajua, juu ya lundo la milango ya watu. Nilijaza kurasa nane. Ukurasa wa tisa nilichora mtumbwi.

Dada alikuwa anapiga simu kila Jumapili.

"Meza iko wapi?"

"Naangalia mashine, dada."

"Nayo inakuangalia? Maana mnaangaliana tangu kipindi cha kupanda, na sasa watu wanavuna."

"Mbao hizi ni ngumu, hujui tu."

"Mimi najua wewe. Wewe hata kitovu chako kilichelewa kudondoka."

Nilikata simu. Halafu nikampigia tena kuuliza mama anaendeleaje. Akasema anaendelea vizuri, ila siku hizi akimimina chai anaweka kidole ndani ya kikombe kujua imefika wapi.

Wiki ile nikapakia mbao mbili kwenye guta la mizigo nikaenda Nyakato.

Mwalimu mstaafu alikuwa na karakana nyuma ya nyumba, na mashine yake ameifunika kwa shuka la maua. Alilifunua polepole kama mtu anayeamsha mgonjwa. Alikubali niijaribu kabla ya kuamua kununua. Aliniita kijana, ingawa nina mvi nyingi kuliko yeye.

"Kijana, unajua kanuni ya kwanza?"

"Kuipitisha taratibu."

"Kanuni ya kwanza ni kutokuwa na haraka. Ninyi mnakuwaga na haraka."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nimekaa na mbao hizi miezi mitano, kama ni kutokuwa na haraka mimi ndiye bingwa wa mkoa. Badala yake tukaweka mbao ya kwanza. Umeme ulikuwa mdogo siku hiyo, mashine ikaanza kwa kuguna, gogo likashika mwendo, vumbi likaanza kutoka. Kwa dakika mbili nilifurahi. Kisha nikanusa harufu ya lami.

Mtumbwi wa baba ulikuwa umepakwa lami kila mwaka tangu mimi sijazaliwa. Nilikwangua ya juu yote kwa panga, lakini ilikuwa imeingia ndani, kwenye vinyweleo vya mbao. Ngoma ilipopata moto lami ikayeyuka, ikapanda kwenye msasa, ikaganda. Msasa ukawa hauli tena, unapiga pasi tu. Mbao ikatoka na mistari miwili myeusi kutoka mwanzo hadi mwisho, kama njia ya mkokoteni, na pembeni ya hiyo mistari vijiwimbi vidogo vidogo ambavyo huvioni ukisimama, lakini ukipitisha kidole unavijua vyote.

"Vinatoka kwa msasa wa mkono," mwalimu alisema.

"Mwalimu, kama ningekuwa na mkono wa kutoa hivi nisingekuja kwako."

"Ndio maana nimekwambia haraka."

Tukabadilisha msasa. Mbao ya pili ikawa na mstari mmoja badala ya miwili, na umeme ukakatika ikiwa nusu ndani. Tuliitoa wanaume wawili wazima, mmoja anavuta, mwingine anasukuma, na pale iliposimama gogo lilikuwa limechimba kijibonde kama kitako cha kijiko. Nikakaa juu ya gogo la mti nje, nikaangalia mbao mbili zilizokuwa mbaya kuliko nilivyozileta. Mwalimu akaniletea maji ya kunywa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama naichukua mashine. Nikamwambia nitafikiria. Akarudisha shuka la maua.

Mwezi mmoja ukapita katika huko kufikiria. Sijui nilifanya nini. Najua nilifungua duka na kufunga. Najua nilitazama video nyingine, za mkanda sasa, na daftari likafika ukurasa wa kumi na nne. Mwishoni kilichoniamulia hakikuwa daftari. Dada alituma ujumbe mfupi: *Mama ameniuliza saa sita mchana kama taa imewashwa.*

Kesho yake nikaanza kuandaa mbao tatu zilizobaki kwa ajili ya Bunda. Kila mtu aliniambia kwamba adui wa mkanda ni chuma. Msumari mmoja ukijitokeza kidogo tu, mkanda mzima umekwenda. Basi nilitoa misumari yote niliyoiona, zaidi ya arobaini. Kisha nikavunja spika mbovu nikatoa sumaku, nikaifunga kwenye kamba, nikaipitisha juu ya kila mbao, shubiri kwa shubiri, pande zote mbili. Popote ilipovutwa nilichimba. Nilichimba hadi sumaku ikawa inaning'inia kimya mbao nzima kama mtu aliyeshiba. Kwa mara ya kwanza katika jambo hili nilikuwa na uhakika.

Fundi wa mashine ya mkanda Bunda ni mwanamke, wa umri wangu au zaidi kidogo, amefunga kitenge juu ya suruali na ana miwani ya plastiki iliyosukumwa kwenye paji la uso. Aliinua mbao ya kwanza akainusa.

"Kaka, hii umeivua au umeipasua? Inanuka dagaa."

"Ni mtumbwi wa marehemu baba."

"Pole. Kuna chuma?"

"Hakuna chuma."

"Watu wote wanasemaga hakuna chuma."

"Dada, nimepitisha sumaku mara tatu. Hakuna chuma."

Akaniangalia, akashusha miwani. Mbao ikaingia. Sikuwa nimejiandaa kwa kile kilichotoka upande wa pili. Miaka yote nilijua mtumbwi wa baba ni mweusi. Kumbe ndani ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na michirizi ya njano iliyojipinda pale nyuzi zinapogeuka, nyuzi zilezile zilizonitesa. Niliigusa, haikuwa na mstari wala wimbi. Mwanamke yule akaigusa na yeye.

"Baba yako alikuwa na mbao," alisema.

Nilijilaani kwa miezi yote niliyopoteza. Nikaona meza nzima imekwisha, nikamwona mama ameinama juu yake. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitamwambia nini dada, na nilipanga kwa maneno makali.

Mbao iliyofuata ilipita mara ya kwanza salama. Mara ya pili akashusha mkanda kidogo, na katikati ya mbao ukatokea mlio kama wa tairi la lori. Mashine ikajizima. Kila mtu karakana nzima akageuka. Mkanda ulikuwa umepasuka kuanzia ukingo hadi ukingo, unaning'inia kama nguo iliyoshikwa na miba.

"Umesema hakuna chuma!"

"Hakuna!"

"Na hii ni nini? Ndizi?"

Tuliitoa mbao tukaigeuza mwangani. Katika mstari mmoja kulikuwa na vidoto vitatu vyekundu vinavyong'aa, kila kimoja kinene kama kalamu. Kimoja kilikuwa kimeinuka, ndicho kilichoshika mkanda. Niliweka sumaku juu yake. Haikujali. Ilikuwa shaba.

Sumaku haishiki shaba. Hilo lilifundishwa kidato cha pili, nililiandika mwenyewe kwenye daftari la fizikia, na nilipata swali lile kwenye mtihani. Lakini nani anatia shaba kwenye mtumbwi? Nimekulia ufukweni, nimeona mafundi wakiunga mitumbwi kwa misumari ya dukani, kwa misumari ya kunyoosha, hata kwa vipande vya nondo, na nafasi zinashindiliwa pamba. Shaba sijawahi kuiona. Nilishikwa na hasira kwa baba kana kwamba amesimama pale. Nikaomba koleo. Nikakita goti juu ya mbao nikazivuta pini zile, ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka kwa shida ikiwa imepinda, nami nikazitupa nyuma bila kuangalia, kwenye lundo la maranda. Ya tatu ilikuwa imekwisha kusagwa sawasawa na uso wa mbao, koleo halikupata pa kushika. Niliipiga nyundo mara tatu, ikazidi kulala.

"Acha hiyo," mwanamke alisema. "Na hiyo mbao ya tano sitaki hata kuiona. Mpelekee mtu mwenye mashine ya ngoma."

Nilicheka, sio kwa furaha. Mkanda mpya nilimletea wiki iliyofuata, na hakuniambia karibu tena.

Basi meza ikawa hivyo ilivyokuwa. Mbao mbili za ngoma zenye mistari, mbao mbili za mkanda, moja ikiwa na matundu mawili na pini moja, na mbao ya tano ambayo haijaguswa na mashine yoyote, nyeusi kama sufuria. Unene wa mbao hizo ulikuwa haulingani tena, kwa kuwa kila mashine ilikula kiasi chake, hivyo pale zilipokutana kulikuwa na ngazi ambazo kidole kinapanda na kushuka. Niliziunga kwa gundi, nikatia miguu ya mtiki, nikapaka vanishi nyepesi. Nilipomaliza niliitazama nikatamani kuificha. Nilikuwa karibu kumpigia mwalimu wa Nyakato simu niombe ile ngoma tena. Nilikuwa tayari nimeshika simu. Kisha nikakumbuka ujumbe kuhusu taa, nikampigia mwenye kirikuu, kigari cha mizigo, badala yake.

Tulifika Butiama saa saba mchana, jua kali, mawe ya mlimani yanameta. Dada alitoka jikoni anafuta mikono. Aliizunguka meza ikiwa bado juu ya gari, akatazama mistari, akatazama mbao nyeusi.

"Hujaimaliza," alisema.

"Najua."

"Miezi saba."

"Dada, najua."

"Mbao hii moja ni ya nani? Ya jirani?"

Dereva alicheka. Nilimkata jicho akaacha. Tukaishusha tukaiweka uani, mahali pa mwanga, maana ndivyo mama alivyoagiza kutoka ndani. Kisha akatoka, ameshika ukuta, halafu bega la dada, halafu ukingo wa meza.

Hakuiona meza. Kwa yale macho haiwezekani kuona meza. Aliinama hadi uso wake ukawa shubiri moja kutoka kwenye mbao, akaanza kuipitia kipande kwa kipande, kama mtu anayechambua mchele. Alianzia kwenye mbao za ngoma. Nilisimama nyuma yake namwona anapita juu ya kila mstari na kila kijiwimbi, na kila alipopita nilitaka kusema kitu. Nilisema, "Hapo umeme ulikuwa mdogo, mama." Akasema, "Mmh." Nikasema, "Hapo umeme ulikatika." Akasema, "Mbona unaongea sana?"

Akahamia mbao za mkanda. Rangi aliisifu. Alisema ndivyo mtumbwi ulivyokuwa siku unaundwa, kabla ya lami. Nilianza kupumua. Ndipo akasimama, uso umegandia mahali pamoja.

"Hiki kinachong'aa ni nini?"

"Ni pini, mama. Baba alitia shaba, sijui kwa nini. Imeniharibia kazi yote."

Kidole chake kikaja, kikaikuta ile pini, kikabaki pale.

"Sio ya baba yako," alisema. "Ni bangili yangu."

Dada akasogea. Hata yeye hakuwa anajua. Mama alieleza bila kuinuka, akiongea na mbao. Mwaka waliooana mtumbwi uligonga jiwe ukapasuka ubavu, dagaa wamejaa, na baba hakuwa na msumari hata mmoja, wala duka la karibu halikuwa nao. Mama alikuwa na bangili nene ya shaba aliyopewa na bibi yake. Aliivua mwenyewe. Baba aliinyoosha juu ya jiwe, akaikata vipande vitatu, akatoboa mbao kwa chuma cha moto akaipigilia. Alimwahidi kuitoa bangili hiyo misumari ikipatikana.

"Misumari ilipatikana," mama alisema. "Nikamwambia iache. Kila alipoondoka kwenda majini nilikuwa najua mkono wangu uko naye."

Kisha kidole kikatembea kwenye mstari ule ule, kikaingia kwenye tundu la kwanza. Kikatembea tena, kikaingia kwenye la pili.

"Vilikuwa vitatu," alisema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema vimeliwa na maji, vimeanguka ziwani miaka mingi iliyopita. Hangejua. Dada alikuwa ananiangalia.

"Nimevitoa mimi mama. Bunda. Nikavitupa."

"Wapi?"

"Kwenye maranda."

Kidole chake kikarudi kwenye pini iliyobaki. Dada, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, hakunikemea, na hilo ndilo lililonitisha. Niliongea mimi. Nilisema nitairudisha meza Buhare leo leo, nitaondoa mistari, nitalinganisha mbao, hiyo nyeusi nitaisafisha, nitakwenda Bunda nichekeche maranda yote. Nilikuwa nimeshashika mguu mmoja wa meza. Mama akaweka viganja vyote viwili juu yake.

"Meza haiendi popote."

"Haijakwisha, mama."

"Ikiondoka hapa itakaa ukutani kwako miezi mingine saba, na wewe utakuwa Kahama. Mimi nakujua. Ukitaka kuimaliza, njoo uimalizie hapa."

"Hapa hakuna mashine."

"Mimi nimekuomba mashine?"

Dada akaleta ugali na sato palepale uani. Mama alichagua kukaa upande wa pini.

Wakati wa kurudi nilizungukia Bunda. Mwanamke wa mkanda aliniona akavua miwani kabisa. Nilipomweleza alikaa chini kwenye lundo la milango. Maranda yale wafuga kuku walikuwa wamekwisha kuyachukua, watu wawili watatu, magunia mengi. Alinielekeza kwao. Nilikwenda. Nimepekua mabanda ya kuku ya watu nisiowajua, nimepiga magoti kwenye kinyesi cha kuku wa mayai, na mwenye banda la mwisho aliniuliza kama nimepoteza dhahabu. Nikamwambia hapana. Sikupata kitu.

Tangu siku hiyo nakwenda Butiama kila Jumamosi na msasa wa mkono na kipande cha mbao cha kuuviringishia. Mwendo ni mdogo mno, unatia hasira. Mbao moja ya ngoma imebaki na mstari mwembamba, ya pili bado ina kijibonde ambacho sijui nitafanya nini nacho. Mama anakaa upande wake na chai wakati nasugua, na nikikaribia pini anaifunika kwa kiganja hadi nipite. Siku hizi haitafuti kwa macho. Mbao nyeusi sijaigusa.

Mwalimu wa Nyakato alinipigia wiki iliyopita. Bado hajapata mnunuzi. Nilimwambia nitafikiria, kisha nikachukua daftari, nikalifungua ukurasa wa kumi na tano, nikalifunga. Ilikuwa Ijumaa. Nikaenda kununua msasa.